Watoto Waliokuwa Kimya Mno

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Nani alianza kumwita hivyo hakuna aliyekumbuka. Labda ni mtoto wa kwanza aliyemlea, ambaye sasa ana ndevu na akikutana naye njiani bado anainama kumsalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito, na mwendo wa haraka wa mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele aliishi yeye na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee aliyekuwa dereva wa lori na ambaye nyumbani alionekana mara chache, kama mgeni wa harusini. Chumba cha nyuma kilikuwa cha watoto. Kila asubuhi, kabla jua halijashika kuta, akina mama walipita mmoja mmoja kuacha watoto wao: mwuza mboga, mfua nguo wa hospitali, wawili watatu wa kiwanda cha mikate, mlinzi wa kike wa benki. Waliacha na kukimbia, wengine wakifunga vitambaa vya kichwa huku wanatembea. Hadi saa mbili chumba cha nyuma kilikuwa na watoto ishirini na mmoja, mdogo wao akiwa na miezi tisa, mkubwa wao akikaribia miaka sita na tayari anajiona msaidizi wa Shangazi.

Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, lakini si yote katika nyumba hii. Miaka tisa nyuma alikuwa akilea watoto upande mwingine wa mji, kwenye chumba cha kupanga. Siku moja walikuja wanaume wawili wenye vitambulisho shingoni. Walicheka na watoto, wakawabeba mabegani, wakapiga picha, wakamsifu mbele ya majirani. "Mama, watu kama wewe ndio tunaowatafuta," mmoja alimwambia. "Serikali itakuinua." Shangazi aliwapikia chai. Wiki mbili baadaye alifika asubuhi akakuta mnyororo mlangoni na karatasi yenye muhuri. Hakuna aliyemweleza kosa lake. Akina mama walisimama pale na watoto mgongoni, wakitazama saa. Mmoja wao, kwa kukosa pa kumwacha mwanawe, alimfungia nyumbani kwake akaenda kazini. Mtoto alivuta sufuria ya maji ya moto. Hakufa, lakini mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Tangu siku hiyo Shangazi aliapa kwamba mtu wa serikali akimchekea, yeye atahesabu vidole vyake kabla na baada ya kumpa mkono.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba serikali ya jimbo imeanzisha mpango mpya wa malezi na elimu ya watoto wadogo, Shangazi alikuwa akikoroga uji na hakugeuza hata kichwa. Mtangazaji alisema kila nyumba inayolea zaidi ya watoto watatu walio chini ya miaka sita itaandikishwa. Walezi watapewa mafunzo. Kila mtoto atapimwa uzito, macho na masikio. Kutakuwa na vifaa vya kuchezea na maafisa wa kutembelea vituo.

"Umesikia, mama?" mkwe wake alimwuliza. Alikuwa amesimama na sahani mkononi, macho yamemng'aa. "Mafunzo. Na cheti."

"Nimesikia 'kuandikishwa,'" Shangazi akajibu. "Mwizi naye huanza kwa kujua milango iko mingapi."

"Si wote wako hivyo."

"Wale wawili pia hawakuwa hivyo. Walikunywa chai yangu."

Mkwe aliweka sahani chini. Alikuwa binti wa watu asiyependa kubishana, lakini alikuwa na namna yake ya kukaza shingo, na Shangazi aliiona.

Wiki ile ile Shangazi alianza kuwafundisha watoto mchezo mpya. Aliuita Mvua. Akiinua mikono yote miwili juu, maana yake mawingu yametanda: kila mtoto ataacha alichoshika, atakimbilia mkeka wake, atalala kifudifudi, macho yamefumbwa. Atakayecheka amelowa. Atakayesema amelowa. Atakayenyanyua kichwa amelowa chapachapa. Hata mtu mwingine akimwita, akimshika au akimbeba, yeye ni gunia tu. Mvua haiishi mpaka Shangazi mwenyewe aseme, "Mvua imekwisha!" Hapo watainuka na kushangilia, na aliyebaki mkavu atapata kipande cha muwa.

Watoto waliupenda mchezo kuliko michezo yote. Siku ya kwanza walilowa wote. Baada ya siku kumi ungeweza kusikia nzi akitembea ukutani. Na kinara wao alikuwa binti wa miaka mitatu, mtoto wa mmoja wa wale wa kiwanda cha mikate. Shangazi mwenyewe alimpa jina la Tuli, kwa utulivu wake. Hakuwa na kelele, hakuwa mlizi, na ukimweka mahali na vifuniko vyake vya chupa ungemkuta hapo hapo. Mikono ya Shangazi ilipoinuka tu, Tuli alikuwa wa kwanza kulala. Na mvua ikiisha alikuwa wa mwisho kuinuka, akiinua kichwa taratibu na kuwatazama wenzake kwanza. "Mnamwona?" Shangazi alikuwa akiwaambia wengine. "Huyu ndiye mwenye adabu."

Afisa alikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bila taarifa. Shangazi alimwona kupitia dirishani: msichana mwembamba, viatu vya vumbi, begi mgongoni, kitambulisho kinaning'inia. Alikuwa akizungumza na fundi cherehani wa nyumba ya pili, na fundi alikuwa akionyesha kidole upande huu.

Shangazi aliinua mikono. Watoto ishirini wakaanguka chini kama nguo zilizokatikiwa kamba; yule wa miezi tisa alikuwa amelala tayari. Akavuta pazia, akajifuta mikono, akaenda mlangoni.

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Natoka ofisi ya malezi ya watoto, serikali ya jimbo. Nimeelekezwa kwamba hapa kuna kituo cha kulelea watoto."

"Kituo?" Shangazi alitazama nyuma yake kana kwamba anakitafuta. "Hapa naishi mimi na mkwe wangu."

Afisa aliinamisha macho. Pale kizingitini, vimepangwa mistari mitatu, vilikuwa viatu vidogo: ndala, raba, kandambili zenye vipepeo, kimoja hakina mwenzake. Shangazi naye aliviona.

"Mimi ni fundi viatu," alisema.

"Naona una wateja wadogo sana."

"Wadogo ndio wanaoharibu viatu."

Hapo mtu akapiga chafya nyuma ya pazia. Shangazi akapiga chafya yake papo hapo, kubwa, ya kuziba ile ya kwanza, akajifuta pua kwa ncha ya kanga. Afisa akasema kwa upole, "Naomba nipite, mama," na akapita, kwa sababu Shangazi alikuwa bado anatafuta kisingizio cha kumzuia.

Alifungua pazia akasimama.

Watoto ishirini na mmoja wamelala kifudifudi, mstari kwa mstari, saa nne ya asubuhi. Hakuna anayekohoa. Hakuna anayejigeuza. Uso wa afisa ulibadilika. Alipiga magoti karibu na mtoto wa kwanza, akamgusa shingo. Akamwinua, mtoto akalegea mikononi mwake, kichwa huku, miguu kule, gunia kamili.

"Wamekula nini hawa?"

"Uji."

"Wamelala tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi. Wamechoka kucheza."

"Wote? Kwa pamoja?" Afisa alipiga makofi. "Watoto! Amkeni! Amkeni, watoto!"

Hakuna aliyetikisika. Shangazi, pamoja na hofu yake yote, alijisikia fahari kidogo.

Afisa aliinuka, macho yakizunguka chumba: ndoo za maji, vikombe vya plastiki, magodoro, poti zilizopangwa pembeni, rafu ya juu. Juu ya rafu ile kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki nusu. Ilikuwa ya Shangazi mwenyewe, kifua kilikuwa kimemsumbua mwezi mzima. Afisa aliichukua, akasoma kibandiko, akaitikisa. Kisha akatoka uani haraka na simu sikioni, na Shangazi akamsikia akisema, "Dada, hebu pokea, pokea."

Shangazi hakuwa mjinga. Alijua sasa msichana yule anafikiria nini. Katika mji ule watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za nyumba ambazo watoto hunyweshwa dawa ili walale na mlezi apumzike. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alirudi ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Mvua imekwisha," na chumba kikalipuka.

Afisa aliporudi alikuta watoto wawili wanagombea gurudumu, mmoja anaimba, mmoja amekaa kwenye poti akimtazama kwa hadhari. Alisimama mlangoni, simu bado mkononi.

"Umewafanya nini?"

"Wameamka."

"Mama, mtoto wa miaka mitatu hanyamazi vile bure. Ama amepewa kitu, ama anaogopa kitu. Ni kipi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kusema ni mchezo ni kusema kwamba aliwaficha, na anayeficha ana cha kuficha. Shangazi alifunga mdomo. Afisa alifungia ile chupa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kikombe kimoja kilichokuwa na mabaki ya uji, akasema atarudi kesho na muuguzi, akaondoka. Hakucheka hata mara moja. Hilo ndilo lililomkera Shangazi zaidi. Wale wa zamani walicheka, na huyu asiyecheka hakujua amweke kapu gani.

Jioni akina mama walikuja kuchukua watoto, na habari zilikuwa zimewatangulia. Mtu alimwona afisa akitoka na chupa. Mtu mwingine alisema chupa mbili. Hakuna aliyemwuliza Shangazi kitu. Walimsalimu kama kawaida, lakini mfua nguo alimbeba mwanawe na, akijifanya anambusu, akamnusa mdomo. Shangazi aliona. Mama wa mapacha, yule mlinzi wa benki, alivuta nguo za wanawe zote, hata zile zilizokuwa bado mbichi kambani, akazikunja.

"Kesho nitakaa nao nyumbani," alisema, akitazama ukuta. "Nina ruhusa."

Alikuwa hana ruhusa. Kila mtu alijua kwamba mlinzi wa benki hapewi ruhusa katikati ya wiki.

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini. Angeweza kuvumilia kushukiwa na serikali, kwa kuwa yeye pia aliishuku. Lakini kunusiwa watoto aliowapangusa makamasi kwa mkono wake! Akatupa jicho kwa fundi cherehani, aliyekuwa akifunga mashine yake barazani. Fundi alimpungia mkono. Shangazi akageuza uso. Alikuwa amepata mchongezi wake.

Alfajiri, yeye na mkwe walikuwa jikoni wakiwasha moto. Shangazi alivunja kuni kwa goti kama anayevunja mtu.

"Fundi cherehani atanijua. Miaka saba namwazima ndoo, leo ananiuza."

Mkwe alipuliza moto. Moshi ulimjaa usoni lakini hakurudi nyuma.

"Si fundi, mama."

"Nimemwona kwa macho yangu akionyesha kidole."

"Aliulizwa njia tu. Aliyepeleka jina letu ofisini ni mimi."

Shangazi aliacha kuni. Maji yalikuwa yameanza kuimba kwenye sufuria.

"Wewe."

"Kwenye mkutano wa mtaa. Waliuliza nani analea watoto, nikanyoosha mkono. Nikaandika jina lako na langu." Shingo ilikuwa imekaza. "Nataka yale mafunzo, mama. Naosha poti hapa mwaka wa nne, na mtu akiniuliza kazi yangu nasema sina. Na wewe hutaki hata kujua wanataka nini."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Wewe hukuona mnyororo ule. Hukuona mkono wa yule mtoto."

"Sikuona. Lakini watoto wetu sasa wanajua kujifanya maiti, mama. Mdogo wa mwuza mboga jana alifanya Mvua kwao, mamake akadhani amezimia. Hilo nalo umeliona?"

Shangazi hakuwa ameliona. Alimimina unga kwenye maji, ukashika madonge, jambo ambalo halikumtokea tangu alipokuwa msichana.

Siku hiyo walikuja watoto kumi na sita tu. Saa tatu afisa akafika, na pamoja naye muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani na mizani ya kuning'iniza begani. Muuguzi alisalimu, akaomba maji ya kunawa, akakaa chini kabisa, mkekani, bila kungoja kiti. Shangazi alisimama mlangoni mikono kifuani, kama askari anayelinda maghala.

Waliwapima uzito. Waliangalia macho na ndimi. Muuguzi aliwauliza wakubwa walikula nini, wanalala lini, nani anawapiga. "Shangazi anapiga kelele tu," alisema yule anayekaribia miaka sita, na muuguzi akaandika, Shangazi akajiuliza kaandika nini. Kisha ukaja mtihani wa masikio. Muuguzi alikaa mbele ya mtoto akimwonyesha mdoli, na afisa, nyuma ya mtoto, akatikisa kopo lenye maharage. Mtoto akigeuka, wanampa mdoli aushike. Wa kwanza akageuka. Wa pili, wa tatu. Hata kile kichanga cha miezi tisa kilizungusha kichwa kama bundi.

Ikafika zamu ya Tuli. Alikaa, akautazama mdoli kwa makini. Afisa akatikisa kopo. Tuli akaendelea kuutazama mdoli. Afisa akatikisa tena, upande wa kulia, upande wa kushoto. Muuguzi akaonyesha kwa jicho, na afisa akachukua mfuniko wa sufuria akaupiga kwa kijiko. Watoto wote wakashtuka, kichanga kikaangua kilio. Tuli alinyoosha mkono kuomba mdoli.

"Huyo ni mtulivu," Shangazi akasema kwa haraka. "Hana papara kama wenzake. Mnampima mtoto akiwa na mdoli mbele ya macho, atageuka wapi?"

Alijua mbinu hizi: wanatafuta doa, wakilipata wanafunga mlango. Alimpokonya afisa kile kijiko, akasimama nyuma ya mtoto.

"Tuli!"

Hakugeuka.

"Tuli! Mama, nakuita!" Sauti ile fundi cherehani aliisikia nyumba ya pili akasimamisha mashine.

Mtoto hakugeuka. Shangazi, kwa hasira au kwa woga, akakanyaga sakafu kwa kishindo, na hapo Tuli akazungusha kichwa, akamwona, akatabasamu.

"Mmeona! Amesikia!"

"Amehisi sakafu, mama," muuguzi alisema taratibu.

Shangazi alibaki na kijiko mkononi. Akili yake ilirudi nyuma kwenye siku zote zile, moja baada ya moja. Mikono inainuka, Tuli anaona, Tuli analala wa kwanza. Sauti inasema mvua imekwisha, Tuli hainuki. Anabaki kifudifudi gizani, mpaka atakapohisi miguu ya wenzake ikiruka, na hapo anainua kichwa taratibu kuwatazama. Na yeye, Shangazi, mlezi wa watoto kwa miaka ishirini na kitu, akampa muwa. Akampa na jina.

Aliketi chini palepale, kati ya poti na ndoo.

"Ni mchezo," alisema.

"Nini?" afisa akauliza.

"Jana. Hawakunywa kitu. Ni mchezo, niliwafundisha wanyamaze mkija." Akaeleza yote, bila kupamba: redio, mikono, gunia, muwa. Alipomaliza hakuwatazama. "Yeye alikuwa bora kuliko wote. Nilidhani ni adabu."

Afisa aliweka kopo la maharage chini.

"Kwa nini ulitaka kuwaficha?"

"Kwa sababu mnafunga. Mnakuja, mnatazama, mnafunga. Halafu watoto mnawaacha barabarani."

"Mimi sikulala jana," afisa alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya msichana, si ya ofisi. "Niliona watoto wamelegea mikononi mwangu. Nilikuwa na hakika umewapa ile dawa. Nimeshaandika barua ya kukufungia, iko kwenye begi."

"Basi itoe."

"Ile dawa haikuchanganywa na uji. Tumeangalia kikombe." Alifungua begi, akatoa karatasi, akaikunja mara mbili na kuirudisha. "Siwezi kukuahidi kwamba hawatafunga, mama. Si mimi ninayeamua peke yangu. Nitaandika nilichokiona, na cha jana nitakiandika pia."

Shangazi alimtazama vizuri. Wale wawili wa zamani waliahidi kila kitu. Huyu haahidi hata kimoja. Haikumfanya amwamini, lakini ilimfanya amwombe mkwe alete chai.

Mama yake Tuli aliitwa kutoka kiwandani, akaja na unga wa mikate kwenye nyusi. Alisikiliza, akakataa, akasema mtoto anasikia, nyumbani anasikia, mlango ukifungwa anageuka. Kisha akanyamaza, kwa sababu alijua upepo wa mlango nao unahisiwa. "Nilidhani atachelewa tu kusema," alisema mwishowe. "Babake naye alichelewa." Shangazi alimshika bega. Hospitali ilithibitisha baada ya wiki mbili: sikio moja halisikii kabisa, la pili linasikia kidogo sana. Waliambiwa jina la mtoto limeingizwa kwenye orodha ya kupewa kifaa cha kusikilizia. Mwezi wa nane sasa jina liko kwenye orodha, na Shangazi huenda ofisini kila mwezi kuhakikisha halijashuka.

Jina la Tuli aliacha kulitumia. Alianza kumwita Binti, na wengine wakafuata.

Barua ya ofisi ilikuja. Haikufunga kituo, wala haikukisifu. Ilitaka dirisha la pili litobolewe, dawa zote ziwekwe kwenye kisanduku chenye kufuli, na watoto wasizidi kumi na watano mpaka nyumba iwe na mlezi wa pili aliyepata mafunzo. Shangazi aliisoma mara nne akitafuta mtego. Mtego aliouona ulikuwa huo wa kumi na watano. Mama wa mapacha alikuwa amewarudisha wanawe, bila maelezo wala kuombwa maelezo, na hesabu ilikuwa imerudi ishirini na mmoja. Sita lazima waondoke.

Ilibidi aende kwa fundi cherehani. Hakuwa amemsalimu siku kumi na moja.

"Nimekuja na haya zangu," alisema.

"Nimezisubiri," fundi akajibu, bila kuondoa mguu kwenye mashine. "Nilijiuliza ndoo nitaazima kwa nani."

Fundi alikubali wawili, wasiozidi, na binti yake akawa anawatazama. Mwuza mboga akaanza kwenda sokoni na wake mgongoni. Wengine watatu walikwenda kwa nyanya zao na kwa majirani, na Shangazi alikuwa akipita kila jioni kuwaangalia, akichungulia dirishani kama mwizi. Mkwe akaenda mafunzoni, kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili. Alirudi na madaftari na maneno mapya. Alisema mtoto asiambiwe "nyamaza" bali aulizwe analia nini. Shangazi alisema hayo ni maneno ya watu wenye mtoto mmoja. Lakini siku moja mkwe alimkuta amechuchumaa mbele ya kichanga kinacholia, akikiuliza kwa ile sauti yake nzito, "Haya, nini? Sema," na mkwe akarudi nje polepole asije akaonekana.

Cheti kilipotoka, wanne kati ya wale sita walirejea. Wawili hawakurejea; familia zao zilikuwa zimehama, na hakuna aliyejua zilikokwenda. Shangazi huwataja mpaka leo, akimwambia afisa kila anapokuja, "Wangu wawili mko nao nyinyi."

Jambo moja zaidi lilitokana na mpango ule. Shule ya msingi ya jirani ilifungua darasa la watoto wadogo wasiosikia, asubuhi mbili kwa wiki. Mama yake Binti asingeweza kuacha tanuri za mikate, kwa hiyo Shangazi akajitwika kazi ya kumpeleka, watoto wengine wakibaki na mkwe pamoja na msaidizi aliyeletwa na ofisi. Siku ya kwanza alikagua darasa lote. Alijaribu madirisha kama yanafunguka. Alimwuliza mwalimu, kijana mpole mwenye chaki sikioni, amesomea wapi, ana watoto wangapi, na akikasirika anafanya nini. Alikaa kwenye kiti kidogo nyuma ya darasa, magoti yakikaribia kidevu, asiondoe macho kwa mwalimu hadi kengele ilipolia. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya pili pia.

Mwalimu alifundisha kwa mikono. Mikono yake ilisema maji, mpira, njoo, mama. Watoto saba walijibu kwa mikono yao midogo, na darasa lile halikuwa kimya hata kidogo: viti viligonga, miguu ilipiga sakafu, vicheko vilitoka vikubwa bila kujipima. Shangazi hakuelewa neno. Alidhani kila ishara ambayo haielewi inamhusu yeye.

Wiki ya tatu, katikati ya somo, Binti aligeuka. Alimtazama Shangazi, akanyanyua mkono, akafanya ishara mbili kwa uso wa mtu mzima mwenye shughuli zake.

"Anasemaje?" Shangazi akamwuliza mwalimu.

Mwalimu alisita, akakuna kichwa.

"Anasema uende nyumbani."

"Mimi?"

Binti akarudia, safari hii kwa mikono mikubwa zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi. Kisha akageuka mbele kwa mwalimu wake.

Shangazi alijinasua kwenye kile kiti, akakusanya kanga yake, akatoka. Nyumbani hakwenda. Alivuka uwanja hadi nje ya geti, akatafuta mahali ambapo dirisha la darasa lilionekana vizuri, akaweka mkoba chini, na akasimama pale mpaka walipotoka.